Mtu Hana Mpini

Tuseme ukweli mapema, tusije tukatafutana lawama baadaye: siku ile mjinga alikuwa Cheche. Si kaka mtu aliyekuja na ngumi, si Mzee Goti aliyerusha mguu, wala si mwanamke aliyemtoa damu ndugu yake wa tumbo moja. Hao kila mmoja alifanya la kwake, na tutafika. Lakini mjinga hasa, mjinga wa kupewa cheti na kupigiwa makofi, alikuwa Cheche. Ujinga wake aliuchomelea kwa mkono wake mwenyewe, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya zambarau, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili autazame vizuri na kutabasamu.

Karakana yao ilitengeneza vitu vya kumrudishia mtu njia yake: viti vya magurudumu, magongo, miguu ya bandia, baiskeli za kuendeshwa kwa mikono. Cheche alikuwa mchomeleaji wa viti. Mwenye karakana, Mzee Goti, alitembelea mguu wa kulia aliojiundia mwenyewe kuanzia chini ya goti, na alikuwa na sheria moja tu, ameiandika kwa chaki ukutani juu ya jiliwa la kubania vyuma: KIPIMO NI NENO LA ANAYEKAA. Kila mteja alijaziwa karatasi yake, upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha mgongo, na alichokikataa hakikuwekwa, hata fundi awe ameoteshwa na malaika.

Karatasi ya Mkasi, Cheche ndiye aliyeijaza. Miezi mitatu nyuma alipiga magoti mbele yake na utepe wa kupimia, akajifanya anasoma namba huku anasoma magoti, mikono, kidevu. Mkasi alikuwa mshonaji wa karakana hiyohiyo. Alishona mito ya sponji, migongo ya turubai na mikanda ya kufungia miguu. Cherehani yake haikuwa na kanyagio chini. Mzee Goti alikuwa amelipandisha juu ya meza, likakaa penye kiwiko: akiegemea kidogo sindano inatambaa, akiegemea sana inakimbia. Jina la Mkasi hakupewa kwa sababu ya chombo. Turubai lilikatwa na chombo. Watu walikatwa na ulimi.

"Andika," alimwambia siku ile. "Vishikio vya nyuma, vya kusukumia, hapana."

"Hapana kabisa? Hata vidogo?"

"Piga mistari miwili chini yake. Kama wino umekuishia nikukopeshe."

Cheche alipiga mistari miwili. Kisha miezi mitatu ya kumpenda ikaja ikaifuta.

Maana alimpenda, jamani. Alimpenda mpaka akawa anachomelea huku anaimba, na mchomeleaji anayeimba ndani ya ngao ya uso husikika kama nyuki kwenye debe. Kila akifumba macho alijiona jioni, barabara imetulia, yeye nyuma, Mkasi mbele, mikono yake imeshika vishikio viwili, anainama kidogo kumnong'oneza. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo. Hakujiuliza hata mara moja kwa nini katika ndoto hiyo Mkasi hageuki.

Basi asubuhi ya siku hiyo gurudumu dogo la mbele la kiti cha Mkasi likaanza kulia. Mkasi akahamia kwenye benchi lenye mgongo, akaivuta cherehani karibu, akamwachia Cheche kiti. Gurudumu lilikula robo saa, pamoja na kuyajaza upepo yale mawili makubwa. Vishikio vikala saa nzima. Rangi ilipokauka, Cheche akavitundikia koti la Mkasi, mabega ya koti yakavifunika vizuri, akamsogezea kiti hadi mezani. Mkasi akahamia kwa ubavu kama kawaida yake, mkono mmoja benchini, mmoja kitini, hop, amekaa, hata nyuma hakutazama.

"Saa nzima kwa kigurudumu kimoja?"

"Kazi nzuri haikimbizwi."

"Na mbona unacheka peke yako?"

"Nina meno, nifanyeje? Niyaweke mfukoni?" Cheche akajifuta mikono ambayo ilikuwa misafi. "Ukimaliza kazi leo unisubiri. Nina neno."

"Neno gani?"

"La jioni."

Mkasi akainua macho kutoka kwenye turubai. Alikuwa na macho ya mtu anayekagua mshono, yanapita polepole yakitafuta uzi uliolegea. Yalipita usoni kwa Cheche, yakashuka shingoni penye alama za cheche zilizompa jina, yakarudi juu. Mara hii hayakutafuta kosa. Yalikaa. Cheche akaifuta tena mikono ileile misafi.

"Nitakusubiri," Mkasi akasema. "Lakini liwe fupi. Maneno yako marefu huishia kwenye mpira wa miguu."

Saa nane mlango wa bati ukapigwa teke.

Aliyeingia alikuwa kaka yake Mkasi, dereva wa lori, mtu mwenye mabega ya kubeba mlango na fremu yake. Cheche hakuwahi kumwona, ila alimjua. Mkasi alimsimulia mara moja wakati wa chai, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo: kwamba miaka tisa kaka yake alimbeba mgongoni kila alikotaka kwenda, na kila asikotaka pia. Kwamba kaka alipokuwa safarini, mlango wa chumba chake ulifungwa kufuli kwa nje, kwa usalama wake. Kwamba siku moja chungu cha jirani kiliungua, moshi ukaingia chini ya mlango, naye akakaa sakafuni amefunika pua kwa shuka, akisikiliza mama yake akiutafuta ufunguo nyumba nzima. Moshi uliisha wenyewe. Kesho yake mama akamleta karakana kuomba kazi. Kiti kilipokamilika, akapanga chumba chake chenye mlango usio na kizingiti. Wiki tatu sasa.

"Twende nyumbani," kaka mtu akasema.

"Nyumbani kwangu naenda saa kumi na moja, kaka. Nikimaliza mto huu. Karibu chai."

"Usinichezee. Mama halali kwa ajili yako."

"Mama tumeongea jana usiku. Alilala katikati ya salamu, akanikoromea kwenye simu mpaka salio likaisha."

Mzee Goti akacheka puani bila kuinua macho kwenye tupa yake. Hapo ndipo Cheche alipoona ni zamu yake ya kuwa mtu mzima. Akajipangusa, akanyoosha mkono, na kwa furaha yote iliyomjaa tangu asubuhi akasema:

"Karibu sana, shemeji."

"Nani shemeji yako?"

Ngumi ilimkuta mdomo uko wazi. Alisikia kitu kikikatika ndani ya kichwa chake, tak, kama fimbo ya kuchomelea iliyokanyagwa, akaangukia rundo la mabomba, nayo mabomba yakamwangukia. Alipotema, kilichotoka pamoja na damu kilikuwa cheupe. Kumbe lile la kuweka meno mfukoni lilikuwa limekaribia kuwa kweli.

"Kaka!" Mkasi alikuwa ameshageuza kiti. "Umempiga kwa lipi?"

"Ndiye aliyekujaza kiburi! Kiti kile cha kwanza nilichokuletea mimi kilikuwa na ubaya gani? Hiki hata mtu akitaka kukusaidia hana pa..."

Katika kugeuka kwa kasi, koti lilikuwa limeteleza likaanguka. Kaka mtu alitazama nyuma ya kiti, akainamisha kichwa upande kama mtu aliyeokota funguo zake barabarani, kisha akacheka.

"Kumbe wameweka."

"Wameweka nini?"

Mkasi akapeleka mkono nyuma. Vidole vyake vikagusa chuma, vikapanda taratibu, vikakutana na mpira laini Cheche aliouchagua kwa uangalifu ili usimchubue mtu kiganja. Vikabaki hapo.

Kisha akamtazama Cheche.

Cheche amewahi kupigwa na umeme mara tatu. Amewahi kuangukiwa na fremu ya baiskeli ya mizigo. Dakika moja tu nyuma alikuwa amepoteza jino la mbele. Vyote hivyo vilikuwa salamu. Kilichompiga siku ile ni jicho hilo, na halikuwa na hasira hata kidogo. Lilikuwa jicho la mtu aliyesikia kufuli likibanwa kwa nje.

"Haya," kaka mtu akasema, akavishika vishikio vyote viwili. "Yamekwisha."

Akavuta.

Mkasi akazidaka zile pete za chuma pembeni mwa magurudumu, anazozishika kuendeshea, akazibana kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakasimama, kiti hakikusimama. Kilikokotwa kikikwaruza saruji. Kaka mtu akatumia uzito, pete zikateleza ndani ya viganja, ngozi ikasikika ikichanika. Mkasi hakupiga kelele. Alirusha breki ya kushoto. Kiti kikajipinda, kikagonga meza, mkasi na chaki na bobini za uzi zikamwagika, cherehani ikaning'inia kwa waya wake. Kaka akavikandamiza vishikio, mbele ya kiti ikapanda juu, na kiti kilichoinuliwa magurudumu ya mbele ni kobe aliyepinduliwa: una miguu, una nguvu, na hakuna unachokanyaga.

"Niache! Kaka, niache!"

"Nimekuacha wiki tatu!"

Cheche alikuwa bado anajichomoa kwenye mabomba. Mzee Goti, aliyekuwa ameketi, alijua kwamba akisimama atachelewa. Akafungua mkanda wa goti, akauchomoa mguu wake, akapima kwa jicho moja kama fundi, akautupa. Mguu ulizunguka hewani mara mbili na kiatu chake, ukampata kaka mtu nyuma ya sikio.

"Huko," Mzee Goti akasema, "ni kumpiga mtu teke bila kuacha kiti."

Kaka mtu aliyumba. Mkono wa kushoto ukaachia, wa kulia ukang'ang'ania. Magurudumu ya mbele yakashuka chini kwa kishindo. Na mkono wa Mkasi ukaenda kwenye kola ya blauzi yake, pale anapochomeka sindano ya turubai, ndefu kama kidole cha shahada. Akaichomoa, akaizungusha juu ya bega bila kutazama, akaizamisha kwenye ule mkono uliobaki. Iliingia kati ya kidole gumba na cha pili, ikatokea upande wa pili na uzi mweusi nyuma yake.

Kaka mtu alinguruma. Aliutazama mkono wake ulioshonwa hewani, akamtazama dada yake, na kiganja chake cha kushoto kikaondoka chenyewe. Kofi lilisikika hadi kwenye dari. Kichwa cha Mkasi kikaenda upande, mdomo ukapasuka.

Hapo Cheche akasahau jino, akasahau umri, akasahau jina la mama yake. Hakujua nyundo ilifikaje mkononi. Alimpiga kaka mtu begani, akasikia mfupa ukijibu. Akampiga ubavuni kwa goti, kaka mtu akapiga magoti. Akamsukuma kwa teke, akamlaza chali kati ya vipande vya chuma, akamkalia kifuani. Kaka akamshika koo kwa mkono wenye sindano, damu yake ikimtiririkia Cheche hadi ndani ya shati. Wakatazamana hivyo, wanaume wawili waliokuwa hawajuani robo saa nyuma, kila mmoja akimtafuta mwenzake roho. Cheche akainua nyundo juu ya ule uso.

Gurudumu likapita juu ya vidole vya mguu wake.

"Teremsha," Mkasi akasema.

"Amekupiga!"

"Kofi limeingia shavuni kwangu. Ni langu. Nitalidai mwenyewe."

"Mkasi, huyu mtu..."

"Teremsha nyundo, wewe mwenye vishikio!"

Nyundo ikashuka. Vikabaki vifua vitatu vikihema, na mguu wa Mzee Goti sakafuni, umelala na kiatu chake kama mtu aliyechoka mapema.

Kaka mtu akajiburuta hadi kwenye nguzo, akaegemea, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto. Mkasi akasimamisha kiti katikati yao. Damu ya mdomoni alijipangusa kwa mgongo wa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa kibichi, chekundu, kimechunwa.

"Nilikuandikia nini?" alimuuliza Cheche.

"Hapana."

"Mistari mingapi?"

"Miwili." Hewa ilipita kwenye pengo la jino, neno likatoka na mluzi. "Nilitaka tuwe tunatembea jioni. Wewe na mimi. Ndilo neno nililokuwa nalo."

"Tutembee, au unitembeze?"

"Mimi nakupenda, Mkasi!"

"Na yeye ananipenda!" Akamwonyesha kaka yake kwa kidole chenye damu. "Unadhani hanipendi? Miaka tisa amenipenda mgongoni. Amenipenda kwa kufuli. Wewe umenipenda kwa bomba la nusu inchi, na umefika palepale kwa njia fupi zaidi. Cheche, jembe lina mpini. Kisu kina mpini. Sufuria ina mkono wa kuinulia, kwa sababu haijui inakotaka kwenda. Mtu hana mpini. Ukimwekea, hutachagua atakayeushika. Wewe ulichomelea asubuhi. Saa nane mshikaji alikuwa mwingine."

Cheche akatema damu.

Mzee Goti akatikisa kichwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Mimi sikusikia, unaona. Wewe bado unayo yote mawili, shukuru."

Aliyezungumza baada ya hapo alizungumza chini sana, wakadhani anaugulia mkono.

"Ile pikipiki," kaka mtu akasema, "niliendesha mimi."

"Najua, kaka. Nilikuwa nyuma yako."

"Uliniambia nipunguze mwendo."

"Nilikuambia."

"Mara mbili." Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kushughulika nayo. "Mara mbili uliniambia. Nikakuangusha. Basi nikasema nitakubeba mpaka nife. Ndiyo dawa yangu, mdogo wangu. Nikikubeba ndiyo nalala usingizi. Halafu unakuja na kiti hiki kisichokuwa na mahali pa kushika. Siku ulipoondoka nilisimama mlangoni nakutazama unavyoishia kwenye kona, nikasema nimkimbilie, nikimfikia nimshike wapi? Niambie. Mimi nikushike wapi?"

Matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye sindano.

"Mkono, kaka," Mkasi akasema. "Watu hushikana mikono."

"Huu umeutoboa."

"Una mwingine."

Kaka mtu alitoa sauti ambayo haikujulikana kama ni kicheko au ni ubavu. Hakunyoosha mkono. Lakini aliutazama, ule wa kushoto, uliopiga kofi, kama anayeuona mara ya kwanza.

Mkasi akazungusha kiti, akampa Cheche mgongo. Vishikio vikamtazama usoni, rangi ya zambarau, vizuri kabisa. Kazi safi, Mungu wangu, hata povu la kuchomelea hakuna.

"Washa grainda. Vikate."

"Sawa. Shuka kwanza, nikupelekee benchi."

"Sishuki. Mara ya mwisho niliposhuka mlinipandikizia mkia."

"Cheche za moto zitakuunguza."

"Leo nimechunwa viganja, nimepigwa kofi, nimemshona kaka yangu. Unadhani nitakufa kwa cheche? Washa."

Mzee Goti akarukaruka hadi kwenye mguu wake, akauvaa, akachukua aproni ya ngozi, akamfunika Mkasi mabega na shingo, akamvisha ngao ya uso. Cheche akasimama nyuma yake, pale hasa alipojiota, na mikononi mwake badala ya vishikio ana mashine inayolia kama paka elfu. Akaishusha. Moto ukaruka. Ulipita juu ya bega la Mkasi, ukamwagika sakafuni, ukajaza harufu ya rangi mbichi iliyokuwa na umri wa saa nne tu. Kati ya kisahani cha grainda na shingo ya mwanamke anayempenda palikuwa na upana wa viganja viwili. Aliona nywele fupi za kisogoni zilizoponyoka chini ya ngozi. Aliona jasho. Aliona kwamba hajikunji hata kidogo.

Kishikio cha kwanza kikaanguka, klang. Cheche akazima akapumua.

"Mkono wako unatetemeka," Mkasi akasema ndani ya ngao.

"Jino linauma."

"Jino huna tena. Sema kweli."

"Naogopa kukukata."

"Ogopa. Ndivyo ulivyotakiwa uogope asubuhi." Kisha, kwa sauti ambayo grainda ingekuwa imewaka isingesikika, "Lakini usiondoke hapo."

Cha pili kikaanguka. Cheche akachukua tupa, akasugua visiki viwili taratibu, pande zote, mpaka visiweze kushika hata uzi wa sweta. Akapitisha kidole gumba. Akasugua tena. Hakuna aliyemtuma. Mkasi alivua ngao, akapeleka mkono wake uliochunwa nyuma, akapapasa: laini. Mkono ukakutana na kidole cha Cheche kilichokuwa bado kinakagua, ukapita juu yake, ukarudi, ukatulia. Ulikuwa wa moto, unanata damu. Cheche hakuushika. Aliuacha umshike.

Kaka mtu aliona. Alikuwa amesimama sasa, amechomolewa sindano na kufungwa mkono kwa kipande cha turubai na Mzee Goti, bega moja limeshuka. Hasira ilikuwa imekwisha mwilini, imebaki kichwani, huko ambako huchelewa kuhama.

"Sawa," akasema. "Kiti umekata. Kufuli nitalitupa, nimesikia. Lakini huyu simtaki. Wewe fundi usiye na meno, nisikilize. Leo unampenda, mikono yake ina nguvu, anajiendesha. Kuna siku ataumwa. Kuna siku mvua itanyesha njia iwe tope mpaka magotini. Ndugu hachoki, mume huchoka. Siku hiyo nani atakuwa miguu yake?"

"Mimi!" Cheche akasema.

Lilitoka kabla hajalipima, na mluzi wake, na damu yake. Akazunguka kiti akaja mbele, akapiga magoti palepale sakafuni kwenye chaki na bobini, kama siku ile ya utepe wa kupimia.

"Mimi hapa! Unamuuliza nani mwingine? Mkasi, mimi nitakuwa miguu yako."

Mzee Goti akafumba macho kama mtu anayeona fremu ikianguka na hana la kufanya. Kaka mtu alisimama tayari, amekunja uso, anangoja. Mkasi akamtazama Cheche polepole, kwa lile jicho la kukagua mshono: mdomo uliovimba, pengo, shati lililolowa damu ya watu wawili. Akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Miguu ninayo," akasema, "yote miwili, na leo asubuhi umeijaza upepo mwenyewe. Nilichokosa ni mume. Sasa amua unaomba kazi ipi."